Mstari Nilioufuta

Karatasi ile ninayo hadi leo. Ni makadirio ya bango moja, mistari saba niliyoiandika kwa mkono nikiwa nimekaa kwenye benchi la mama muuza chai pale Maliba, Uganda, na mstari wa sita umekatwa kwa kalamu. Bado unasomeka: "Kibali, fundi wa umeme mwenye cheti, bima ya vibarua, shilingi 350,000." Niliukata mimi mwenyewe mbele ya mteja, na baada ya kuukata tukapeana mikono.

Kazi yangu ni kuandika mabango. Nimeandika kuta za maduka tangu Mpondwe, ambako mto Lhubiriha ndio mpaka na ng'ambo yake ni Kasindi ya Congo, nikapanda hadi Bwera, Kikorongo, Kasese mjini na Hima kwenye kiwanda cha saruji. Zamani kazi hii ilikuwa brashi na kopo la rangi. Ukuta ulikuwa wa mwenye duka, ngazi ilikuwa ya mbao, na balaa kubwa kuliko yote lilikuwa kukosea herufi. Siku hizi mteja hataki ukuta. Anataka milingoti ya chuma, bamba pana juu yake na taa za ndani, ili dereva anayepita usiku alione duka kabla hajalifikia. Kazi imetoka kwenye rangi ikaingia kwenye zege, kuchomelea na umeme, lakini wengi wetu tuliendelea kuishika kama kazi ya brashi. Humo ndimo ilimozaliwa ajali yetu.

Mteja alikuwa mnunuzi wa kahawa, mzee mwenye heshima zake, aliyekodi ghala kando ya barabara. Msimu ulikuwa unakaribia. Maliba imekaa kwenye miteremko ya Rwenzori, na arabika ya huku hushuka mlimani kwa mabega ya watu na kwa pikipiki; mkulima akifika barabarani na gunia lake amechoka, ghala la kwanza analoliona ndilo linalompata. Kwa mnunuzi wa kahawa bango si pambo, ni chakula. Nilimwelewa vizuri alipotaka liwe kubwa na liwe limesimama ndani ya siku 10.

Nikamleta mwenzangu, fundi wa kuchomelea, mzaliwa wa Maliba hapo hapo. Jina lake silitaji. Alikuwa mtoto wa tatu wa kiume kwao, na kwa Bakonzo majina hufuata zamu ya kuzaliwa, kwa hiyo mwenyeji atalikisia. Lakini wenye jina hilo mlimani ni maelfu, basi ni kama sijasema kitu. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka mingi. Sikuwahi kuona kiungo alichochomelea kikiachia. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia ajali hukimbilia kusema kwamba fundi alikuwa wa ovyo. Hakuwa wa ovyo. Alikuwa fundi mzuri ambaye hakuna mtu aliyemuuliza swali.

Mzee alisoma makadirio, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Paipu za mraba, akaitikia. Bamba na rangi, akaitikia. Saruji, mchanga na kokoto, akaitikia. Kwenye mstari wa sita kidole kikasimama.

"Mwanangu, hii nayo ni nini?"

Nikamweleza. Aliingia ndani, akarudi na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ina muhuri, inasema kijiji kinamfahamu na hakina pingamizi na bango lake. Ya pili ilikuwa risiti ya ushuru.

"Kibali ni hiki," akasema. "Na hiyo bima unamkatia nani? Hawa si watoto wetu wenyewe?"

Fundi alikuwa amesimama pembeni na mtoto wa kaka yake, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akijifunza kazi kwake. Akasema, "Mzee anasema kweli. Ni kazi ya siku mbili." Nikachukua kalamu.

Nilishika ile barua mkononi nikaiamini kwa kuwa nilitaka kuiamini. Baadaye, nilipokuwa nimekaa kwenye viti vya ofisi moja hadi nyingine, ndipo nilipoelewa kila karatasi ilikuwa ikisema nini. Barua ya LC1 inasema mtu huyu ni wetu. Ni neno zito, hasa huku mpakani ambako mgeni na mwenyeji wanafanana sura na lugha, na sitaki mtu alidharau. Lakini mwenyekiti hakuulizwa shimo lina kina gani, na hata angeulizwa si kazi yake kujua. Risiti ya ushuru inasema pesa imepokelewa. Mtu anaweza kulipia bango miaka mitano mfululizo na bango hilo likawa limesimama mahali ambapo halikupaswa kuwa. Hata leseni ya biashara, ile ambayo mwenye duka huiweka kwenye fremu ukutani, inampa ruhusa ya kuuza. Haisemi lolote juu ya chuma kilicho nje.

Kibali ni kitu kingine, na kijijini huku tulikuwa tukidhani ni jambo la Kampala. Sivyo. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2010 iliitangaza Uganda nzima kuwa eneo la mipango, mji na kijiji, Kampala na Maliba. Ikaja Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, iliyoweka kamati za majengo katika miji na wilaya ili mtu asianze kujenga kabla michoro haijatazamwa. Na kama mlingoti uko karibu na barabara, kuna mwenye barabara wa kuulizwa pia, maana ukanda wa hifadhi pembeni ya lami si mali ya mwenye duka hata kama ameupanda maua. Barabara za taifa zilikuwa chini ya mamlaka ya barabara, UNRA, na tangu mamlaka hiyo ilipovunjwa mwishoni mwa 2024 zimerudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi; za wilaya na za miji midogo zina ofisi zake. Nimewaona wenzangu wakichimba mashimo kando ya barabara ya Kikorongo kwenda Mpondwe, kisha wakija kuyang'oa mabango yao kwa mikono yao wenyewe baada ya kupewa onyo. Hiyo ni hasara ya pesa, na hasara ya pesa hupona.

Sasa niseme kilichotokea siku ile.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Tuliunganisha bango likiwa limelala uani: miguu miwili ya mita saba, bamba la mita tatu kwa mbili limeshikwa juu yake. Mashimo yalikuwa na kina cha mita moja, kwa hiyo bango likishasimama lingekuwa mita sita kutoka ardhini. Juu ya kona ya ua ulipita waya wa umeme wa msongo wa kati. Tuliuona. Hatukuwa vipofu. Fundi aliukadiria kwa jicho, akasema mita sita zinapita chini yake, na kweli zilikuwa zikipita.

Kuna mambo mawili ambayo hatukuyahesabu. La kwanza, mzee alikuwa amejaza moramu ua mzima, karibu mita moja, ili maji ya mvua yasiingie ghalani. Watu wengi wa Kasese wameinua nyua zao hivyo, na mtu aliyeona mto Nyamwamba ulivyobeba nyumba mwaka 2013, kisha tena mwaka 2020, hawezi kuwalaumu. Lakini waya ulipopitishwa, ardhi ilikuwa chini. Yeye aliinua ardhi, na kuinua ardhi ni sawasawa na kushusha waya. La pili ni dogo zaidi na ndilo linalonikosesha usingizi. Bango la mita saba linakuwa mita sita baada ya miguu kuzama shimoni. Kabla haijazama bado ni mita saba. Tulipima bango lililosimama. Hatukupima bango linalosimamishwa.

Watu wanne walivuta kamba. Kijana alikuwa chini, mkono wa kulia kwenye mguu wa bango, akiuelekeza kwenye mdomo wa shimo. Lilipokaribia kunyooka nilisikia mlio kama wa kitambaa kipana kinachochanwa. Sikuona waya ukiguswa, na huenda haukuguswa. Umeme wa kilovolti 33 hausubiri kuguswa. Chuma kikikaribia vya kutosha, unaruka hewani. Uliingia mkononi mwake ukatokea mguuni, kwenye udongo ule uliolowa. Bango likaanguka upande wa barabara. Fundi akamkimbilia, na mama wa chai ndiye aliyepiga kelele za kumzuia, akimshika shati kwa nyuma, "Usimguse! Usimguse!" Huenda mama yule aliokoa maisha ya pili siku ile. Nyaya zile nyingi ziko uchi, hazina ganda lolote, na hata mti mkavu au kiatu cha raba si kinga kwa msongo wa namna hiyo. Kwanza umeme ukatwe na wenye umeme, ndipo mtu aguswe.

Umeme wenyewe, kwa uchungu wake, ni wa nyumbani. Mto Mubuku unaotoka kwenye mlima wetu unazungusha mitambo pale Bugoye, jirani kabisa na Maliba, mtambo wa megawati 13 ulioanza kazi mwaka 2009. Tumekua tukiziona nguzo kama tunavyoiona migomba. Kitu ukikizoea hivyo, huachi kukiona tu, unaacha kukiogopa.

Kijana aliishi. Mkono wa kulia ulikatwa chini kidogo ya kiwiko. Moto wa umeme huunguza ndani, kando ya mfupa, mahali ambapo macho hayafiki. Siku ya kwanza tuliona alama ndogo kiganjani tukashukuru, na siku ya sita daktari akatuita pembeni.

Hapo ndipo lilipokuja swali ambalo mstari wa sita ungelijibu. Nani alipe? Mzee alisema yeye amenunua bango, hakuajiri mtu. Fundi alisema yeye mwenyewe ni kibarua kama kibarua mwingine, leo anayo kazi na kesho hana. Mimi niliyeandika makadirio nilisema mimi ni mwandishi wa herufi. Tulikaa watu wazima watatu kwenye benchi la hospitali, kila mmoja akimsukumia mwenzake mkono wa mtoto. Nina aibu kuyaandika haya, lakini nayaandika kwa sababu nimeona benchi kama hilo mara nyingine tangu siku ile, na waliokaa juu yake walikuwa watu wema.

Afisa kazi hakubishana nasi. Aliuliza mambo mawili tu: nani alimwita kijana kazini, na nani alikuwa amlipe jioni. Majibu yote mawili yalikuwa fundi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtazama huyo kuwa mwajiri, awe na kampuni yenye jengo au awe na mashine moja ya kuchomelea chini ya mwembe. Inamtaka alipie matibabu na fidia ya madhara yaliyopatikana kazini, na haimwachi ajitetee kwamba mfanyakazi alifanya uzembe. Inamtaka pia awe na bima ya kubeba mzigo huo. Hesabu yake ni hii: mfanyakazi akifa na kuacha wanaomtegemea, au akilemaa moja kwa moja asiweze tena kazi, fidia ni mshahara wake wa mwezi mara 60. Ulemavu wa sehemu hulipwa kwa asilimia ya kiasi hicho, kwa kadiri ya kiungo kilichopotea.

Chukua kibarua wa shilingi 20,000 kwa siku, siku 26 za mwezi. Ni 520,000. Zidisha kwa 60 upate 31,200,000. Fundi wangu katika maisha yake yote hakuwahi kuona milioni 31 zimekaa mahali pamoja. Mimi nilikuwa nimekata 350,000 ili bango lipate bei nzuri.

Walioelewa sheria walimwambia fundi apatane. Akauza shamba la kahawa. Nasema shamba la kahawa, na msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kupita neno hilo haraka. Kwetu mlimani ardhi ni mteremko mwembamba uliogawanywa na babu kwa baba, na baba kwa wana, na mtu akiuza kipande chake hakirudi. Miti aliyoiuza ilipandwa na baba yake. Mimi niliuza pikipiki. Mzee alibeba bili ya hospitali, na sitamnyima sifa hiyo, maana angeweza kukataa. Vyote pamoja havikufika pale sheria ilipotaka, na kijana akasaini kwa mkono wa kushoto, mkono usiokuwa umewahi kuandika.

Nimeulizwa mara nyingi, bima gani hasa? Wengi huku wakisikia bima wanafikiri ile stika ya pikipiki na gari, au kadi ya njano ya COMESA anayokata dereva wa lori kabla hajavuka Mpondwe kuingia Congo. Hizo ni bima za chombo barabarani. Ngazi si chombo cha barabarani. Fundi wa mabango anahitaji bima inayowahusu watu wake, yaani fidia ya wafanyakazi, na nyingine inayowahusu wapita njia: muuza ndizi aliyekaa chini ya bango, gari lililoegeshwa, paa la jirani. Kuna na bima ya kandarasi inayochukua kazi yenyewe, vifaa na hatari zake, tangu mnapoanza kuchimba hadi mnapokabidhi. Kampuni na mawakala wanaokubaliwa wana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ya Uganda, na mtu ana haki ya kuwauliza leseni hiyo kabla ya kutoa senti. Anayefanya kazi pande mbili za mto aulize pia kama bima yake inavuka daraja pamoja naye. Mara nyingi haivuki.

Jambo moja niligundua kwa kuchelewa: karatasi hizi hutegemeana kama mawe ya jiko. Fomu ya bima inauliza mnafanya kazi urefu gani, karibu na umeme au mbali nao, mna vibali au hamna. Ukidanganya kwenye fomu, siku ya ajali kampuni ina njia ya kukataa kulipa, na utakuwa umelipia karatasi tupu. Kwa hiyo hata kama ningeacha nusu ya mstari ule, nikakata kibali na kubakiza bima, huenda tungebaki pale pale.

Na fundi wa umeme je? Taa za ndani ya bango zilikuwa zifungwe na yule yule kijana, kwa kuwa "anajua umeme", maana yake aliwahi kuunga nyaya za nyumba ya jirani na nyumba haikuungua. Nchini Uganda anayefunga umeme anapaswa kuwa na kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, nacho kina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Bango la chuma lenye taa, lililosimama kwenye mvua, likikosa waya wa ardhini linaweza kumshika mtoto anayeliegemea akisubiri boda. Wala mtu asihangaike na namba za zamani zilizobandikwa nguzoni: mkataba wa miaka 20 wa kampuni iliyoitwa Umeme uliisha tarehe 31 Machi 2025, na kampuni ya serikali, UEDCL, ndiyo iliyopokea usambazaji. Unapotaka umeme wa waya ukatwe kwa saa mbili ili usimamishe bango, ofisi ya kwenda kuomba ndiyo hiyo. Inaombwa kwa barua, siku kadhaa mbele. Umbali nao una kanuni zake. Marekani, kwa nyaya za hadi kilovolti 50, chuma cha mjenzi hakiruhusiwi kukaribia chini ya futi 10, mita tatu hivi. Sisi tulikuwa tukicheza na sentimita.

Jirani zetu wamekwenda mbele zaidi katika kumtambua mkandarasi. Tanzania Bara ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi tangu 1997, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ambao waajiri huuchangia ili mtu akiumia asisubiri mwajiri auze shamba. Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kwa sheria ya 2011, na sheria yake ya mafao ya majeraha ya kazini ni ya 2007. Mfuko ule wa Tanzania ndio ninaoutamani zaidi. Kwa fundi mdogo, kutoa kidogo kila mwezi ni jambo analoliweza. Kutoa milioni 31 siku moja hawezi kamwe.

Na tusidhani umeme peke yake ndio adui. Tuseme waya usingekuwepo, bango lingesimama, tukala pesa yetu tukaondoka. Lingekuwa salama? Upepo wa kilomita 100 kwa saa husukuma kila mita ya mraba ya bamba kwa nguvu isiyopungua uzito wa kilo 45. Bamba letu lilikuwa mita za mraba sita. Hiyo ni sawa na magunia manne au matano ya kahawa yakisukuma kwa pamoja, na yanasukuma juu kabisa ya mlingoti, mahali ambapo nguvu ndogo hugeuka wenzo wa kung'oa mguu. Mguu wenyewe ungekuwa ndani ya moramu iliyojazwa juzi, si ndani ya ardhi. Tuliweka mita moja kwa sababu siku zote tunaweka mita moja.

Tarehe 13 Mei 2024 kule Mumbai, India, katika mtaa wa Ghatkopar, upepo na mvua viliangusha bango juu ya kituo cha mafuta ambako watu walikuwa wamejikinga. Walikufa 17. Bango lilikuwa la futi 120 kwa 120, ilhali kiwango cha juu mjini humo kilikuwa futi 40 kwa 40. Mji una wahandisi, una ofisi, una sheria zilizoandikwa vizuri, na bango likasimama hivyo hivyo mchana kweupe, kila mtu akilipita. Niliposoma habari ile sikufikiria ukubwa wake. Nilifikiria kwamba na pale kulikuwa na mtu aliyeshika karatasi fulani akasema, kibali ni hiki.

Mwaka uliofuata mzee aliniita tena. Ghala lilikuwa bado halionekani kutoka barabarani. Nilikwenda nikiwa na moyo mzito, nikakuta fundi ameshafika, amekaa kwenye benchi lile lile. Kijana naye alikuwepo. Siku hizi ndiye anayeshika daftari la karakana ya baba yake mdogo, anaandika kwa kushoto, herufi kubwa zinazolala upande. Mama wa chai alitusalimu, "Wabukire," akatumiminia bila kuuliza.

Makadirio yale aliyaandika kijana. Kibali, fundi wa umeme na bima vilikuwa mstari wa kwanza, na mzee aliposoma kidole chake hakikusimama popote. Tulipeleka mchoro: urefu, upana, kina cha shimo, udongo wa aina gani, umbali kutoka katikati ya barabara, na urefu wa waya kutoka ardhini kama ardhi ilivyo sasa. Ilichukua wiki tatu. Nilikwenda mara nne, na mara mbili niliambiwa nirudi kesho. Wiki tatu ni nyingi kwa mtu anayesubiri msimu, na wakubwa wa wilaya zetu wangefanya jema kubwa kama wangezipunguza, maana ofisi inayochelewa ndiyo inayomfundisha fundi kukata mistari.

Siku ya kukagua walikuja wawili, afisa wa mipango na mhandisi. Yule mhandisi aliingia uani, na kabla hajatazama mashimo ya zamani alitazama juu. Kisha akapiga moramu kwa kisigino.

"Mzee, hapa palijazwa lini?"

Mzee akamwambia.

"Basi shimo lisiwe hapa. Liende kule, upande wa mwembe, na mwende chini mpaka mkute udongo mwekundu."

Mazungumzo yote hayakufika dakika tano. Mzee hakujibu neno. Aliinama akaokota jiwe, akatembea nalo hadi alipoonyeshwa, akaliweka chini. Nilikuwa nikihesabu hatua zake, na nadhani kijana naye alikuwa akizihesabu, kwa sababu alikuwa amenyamaza akimfuata kwa macho. Zilikuwa 11.